Nilienda kuangalia dabi na rafiki yangu, nikarudi na siri ya ndoa yake

Shikamoo shangazi, pole na majukumu. Mi ni kijana wa miaka 34, naishi Dar, fundi wa friji na AC, nina mke na mtoto mmoja. Naomba jina langu usilitoe. Samahani barua ni ndefu, nimejaribu kuifupisha naona haieleweki.

Nina rafiki yangu, nimwite K. Tumetoka mbali, tulipanga chumba kimoja Manzese kipindi tunatafuta maisha, godoro moja ndoo moja, akipata yeye tumepata wote. Alivyotaka kuoa miaka mitatu iliyopita akaniambia mwanangu mshenga wangu ni wewe, sina mwingine. Nikapanda basi mpaka Muheza na barua ya posa na kishika uchumba, wazee wakanikalisha wakanihoji, mjomba wa binti akaniuliza mbele ya watu wote, huyu kijana wenu ana mtoto popote? Nikasema hana mzee wangu. Nilijibu hapohapo maana nilikuwa na uhakika, mtu nimelala naye godoro moja ntaacha kujua kama ana mtoto? Wakati natoka baba wa binti akanishika mkono akaniambia mimi huyo bwana harusi simjui, nakujua wewe, likitokea la kutokea ntakuita wewe.

Sasa twende kwenye hiyo siku. Ilikuwa Jumamosi ya Simba na Yanga, K akanipigia mchana akasema leo tutoke, nina wiki mbaya. Nikampitia na kirikuu changu cha kazi tukaenda sehemu Sinza wanaweka skrini kubwa nje. Mi pombe niliacha kitambo kwa hiyo nilikuwa na soda yangu, ye akaagiza bia na chipsi kuku. Shangazi, K ni Yanga wa kulia machozi kabisa, lakini siku hiyo haangalii mpira. Simu yake kaiweka kifudifudi mezani, inatetemeka yenyewe mpaka inatembea inagonga sahani ya chipsi, anaisogeza, inaanza tena. Bia ya tatu akaipokea, akaenda kuongelea kule kwa mchoma nyama, akarudi akasema lipa twende. Kipindi cha pili hata hakijafika katikati. Nikasema twende wapi? Akasema we washa gari ntakuelekeza.

Tulivyoingia barabarani akasema kuna mtoto anaumwa. Nikauliza wa nani? Akasema wangu. Nikakosea hata gia.

Tukafika hospitali moja kubwa, mlinzi wa getini akamsalimia K kwa jina. Hapo tu nikaelewa hili jambo si la jana. Tukaingia wodi ya watoto, nikamkuta dada mmoja kajifunga kanga anamkanda mtoto miguu kwa kitambaa cha maji moto, mtoto wa kiume wa miaka minne, kajikunja, macho yamekuwa ya njano. Masikio yale yale ya K. Mtoto alivyomuona akamwambia, baba, Yanga wameshinda? K akaniangalia mimi maana matokeo hayajui. Nikasema bado wanacheza. Yani hicho ndo kitu cha kwanza nilichoongea na mtoto wa rafiki yangu.

Mtoto ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Daktari alimvuta K pembeni lakini nilisikia, akamwambia huyu ni SS, maana yake wewe na mama yake wote mmebeba, una watoto wengine? K akasema sina. Daktari akasema siku ukipata mwingine, huyo mwenzio apime mapema. K akaangalia chini. Shangazi, mkewe ana mimba ya miezi mitano, mimba ya kwanza.

Damu ya mtoto ilikuwa imeshuka sana wakaomba ndugu wajitolee. K ana bia tatu kichwani wakamwambia wewe njoo siku nyingine. Nikajikuta mi ndo nimelala pale nanyoosha mkono. Sasa sindano iko ndani, chupa nafikiri haijafika nusu, simu yangu ikaita, shemeji, yani mke wa K. Nikapokea na mkono wa pili. Akasema shemeji mko wote? Mwenzio hapokei. Nikasema tupo wote shemeji, mechi imeisha tunamalizia kula. Nesi akaniangalia tu.

Wakati wa kurudi K ndo akanisimulia, ni mwanamke aliyekuwa naye kabla, wakaachana, akaja kuambiwa kuna mtoto wakati mtoto ana miezi minane. Nikapiga hesabu. Maana yake ananituma Muheza alikuwa anajua! Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, akasema ningekuambia usingeenda. Halafu akaniomba nisiseme, eti mkewe presha itapanda, tusubiri mpaka ajifungue. Nikamwambia na hilo la daktari je? Akasema ukoo wa mke wangu hauna mgonjwa wa sikoseli hata mmoja, hilo halipo.

Asubuhi akanitumia elfu 50 kwenye simu, kaandika "ya supu mwanangu, asante kwa yote." Sijaitumia na sijairudisha.

Alhamisi shemeji kanitumia meseji, "shemeji, Jumamosi alirudi ananuka spiriti siyo bia. Kama kuna kitu niambie, wewe ndo ulinitoa kwa baba yangu." Sijajibu mpaka leo. Mke wangu naye sijamwambia kwa sababu wako kikoba kimoja na shemeji, nikimwambia ni kama nimemwambia yeye. Usiku silali. Nikimwambia shemeji nimevunja ndoa ya rafiki yangu, nikinyamaza mtoto akizaliwa mgonjwa ntajiangaliaje? Nisaidie shangazi.

Mshenga, Dar


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma asubuhi nikaiweka, nikairudia jioni. Usiombe radhi kwa urefu, ni vizuri umeandika mpaka ile ya simu kugonga sahani, maana mtu akiwa ametulia haoni vitu kama hivyo.

Nikikuelewa vizuri, rafiki yako ana mtoto ambaye mkewe hamjui, mtoto anaumwa ugonjwa wa kurithi, mke ni mjamzito, na wewe ulisimama mbele ya wazee ukasema mtoto hayupo. Unaniuliza useme au unyamaze. Ningekujibu kwa neno moja ningekuwa nakudanganya, kwa hiyo kaa tuongee.

Kwanza nikuulize kitu ambacho hujakigusa. K na yule mama wa mtoto, bado wako pamoja au wanalea tu? Katika barua yako yote hujasema, na nahisi hukumuuliza. Unaongea kama umemfumania, lakini ulichokiona kwa macho yako ni mwanaume ameacha dabi, na ni Yanga wa kulia machozi, akakimbilia kwa mtoto wake mgonjwa, na mlinzi anamjua jina kwa sababu si mara ya kwanza. Mtoto alipatikana kabla ya ndoa. Simtetei, alificha kitu kikubwa, na mtu anayeficha kikubwa anaweza kuwa amekificha kingine pembeni yake. Ila kabla hujaamua unabeba siri ya namna gani, ifungue uione ndani. Kuwa na mtoto wa zamani ambaye umeogopa kumsema ni jambo moja, kuwa na nyumba mbili ni jambo lingine kabisa, na mke wake atalipokea kila moja kwa namna yake.

Pili, na hapa usinikasirikie. Unasema huwezi kulala kwa ajili ya shemeji na mtoto atakayezaliwa. Naamini. Ila nimesoma pale ulipopiga hesabu ya miezi minane, nikaona moto wako mwingi uko pale. Alikutuma ukaseme uongo wewe ukidhani ni kweli, akautumia uaminifu wako kama mtu anavyoazima shati la kuendea harusini. Una haki ya kuumia. Lakini hasira hiyo ni ya kwako wewe na K, ina mazungumzo yake. Ukiibeba ukaenda nayo kwa shemeji, utajiona unamwokoa yeye kumbe unajisafisha wewe kwa wazee wa Muheza. Naomba ujipime tu, mi siwezi kukupimia kutoka huku.

Sasa tuje kwenye damu, kwa sababu hapa rafiki yako kakosea na kosa lake linaweza kuumiza mtu ambaye hajazaliwa. Anasema ukoo wa mkewe hauna mgonjwa. Haimaanishi kitu, mwanangu. Mtu anayebeba, wale wanaoitwa AS, anaishi maisha yake yote mzima, anacheza mpira, anazaa, anazeeka, hajui. K mwenyewe si ndo huyo? Kaumwa lini? Kama huyo mtoto ni SS basi K amebeba, hilo halina mjadala. Kinachobaki ni shemeji. Akipima akakutwa AA, yani habebi kabisa, hakuna mtoto wao atakayeumwa ugonjwa huo, mtoto anaweza tu kubeba kama baba yake, na hofu yote hii inaisha siku hiyo hiyo. Akikutwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa mgonjwa. Nasema kila mimba, kwa sababu watu wengi wanadhani ukishazaa mmoja mgonjwa basi wale watatu wamepona. Haiendi hivyo, kila mimba inaanza hesabu upya.

Na hii kitu si ya ukoo fulani wenye mkosi. Tanzania kila mwaka wanazaliwa watoto zaidi ya 11,000 wenye sikoseli, tuko kwenye kundi moja na Nigeria na Kongo.

Je, ni lazima shemeji ajue wiki hii? Hapa nitasema kitu ambacho labda hukukitegemea. Mtoto mwenye sikoseli akizaliwa huwa haonyeshi chochote miezi ya mwanzo, ile damu ya tumboni inamlinda, dalili huanza kwenye miezi sita hivi, mara nyingi vidole vya mikono na miguu vinavimba na watu wanasema kaumwa na wadudu. Watoto wengi wanaumia kipindi hicho kwa sababu hakuna aliyejua. Akijulikana mapema anapewa dawa ya kumkinga na maambukizi, chanjo zake zinafuatiliwa, mama anafundishwa hata kumpapasa bandama. Kwa hiyo K anaposema tusubiri ajifungue, kwa upande wa mtoto si maneno ya kipuuzi kabisa, muda upo. Shida ni kwamba mtu aliyesubiri miaka mitatu ananipa wasiwasi. Ajifungue itakuwa atoke arobaini, atoke arobaini itakuwa mtoto akae, na siku moja shemeji atakuwa kwenye wodi ile ile na kitambaa cha maji moto, daktari anamuuliza maswali ambayo majibu yake mumewe anayo mfukoni. Halafu kuna yeye mwenyewe shemeji. Ni mwili wake na ni mimba yake, kwa nini mtu mwingine amchagulie mwezi wa kujua?

Unaweza kushawishika kupita pembeni. Umwambie mkeo amwambie shemeji kule kikoba, jamani mkienda kliniki pimeni na sikoseli. Linaonekana jambo jepesi na kwa afya lina faida, kipimo chenyewe ni cha damu tu. Ila fikiria akikutwa AS. Kitu cha kwanza atakachoambiwa ni mlete mwenzio. Hapo K atapima na kujifanya anashangaa, au atakataa kupima, na wewe utakuwa umewasha moto halafu umejificha nyuma ya mkeo. Na akija kujua wazo lilitoka kwako, sijui atakuweka fungu gani.

Kumwambia wewe mwenyewe je? Mimi nimekuwa somo wa mabinti kadhaa, kwa hiyo hicho kiti ulichokalia nakifahamu. Mmoja nilimwambia nilichokijua kuhusu mumewe, nikidhani ndo kazi yangu. Alilia begani kwangu siku mbili, wiki ya tatu wakapatana, na tangu hapo miaka sita yote akiniona anavuka barabara. Mume alimsamehe, mimi nilibaki ndo sura ya aibu yake. Ukiniuliza leo kama nilikosea, mwanangu, bado sijui. Nakuhadithia ili usiende ukitegemea asante. Halafu ukimwambia atakuuliza maswali ishirini, wanaonana mara ngapi, anampa shilingi ngapi, anampenda, na wewe hutakuwa na majibu hata matatu, maana ulikaa pale usiku mmoja tu na sindano mkononi.

Na kunyamaza nako si bure. Irudie ile meseji yake. Mwanamke hatumii maneno "wewe ndo ulinitoa kwa baba yangu" akiwa anauliza habari za mechi. Huyo tayari ameanza kuunganisha. Kila siku unayochelewa kumjibu ni jibu, na akija kujua atakumbuka ulimwambia mnamalizia kula. Huo uongo uliusema wewe, K hakukutuma, hata hakujua simu imeita. Nimeona ulivyoandika kwamba nesi alikuangalia tu, kwa hiyo najua unajua.

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekwambia pa kuanzia ni K, lakini usiende naye baa na usimalizie kwenye simu. Mchukue kwenye kirikuu chako mchana, hajanywa, simama mahali penye kivuli. Mrudishie hiyo elfu 50 mkononi. Nimeifikiria sana hiyo hela. Inawezekana ni shukrani ya kweli, umetoa damu na supu unaistahili. Ila wewe mwenyewe hujaitumia, maana yake mkono wako umeikataa kabla ya kichwa. Mwambie sitaki ya supu, nataka tuongee ya Muheza. Mwambie ulivyojisikia, bila kumpigia kelele. Muulize lile ambalo hukumuuliza, kuhusu mama mtoto. Na umweleze ya AS na AA vizuri, kwa sababu inawezekana kabisa ile "hilo halipo" ni woga wa mtu ambaye hajaelewa, na akielewa kuwa kipimo kimoja kinaweza kumtoa hofu, akalainika. Anaweza hata kuomba waende wote wakaelezwe na mtaalamu, pale Muhimbili kliniki ya sikoseli ni ya miaka mingi na kuongea na wazazi ni sehemu ya kazi yao. Maneno mazito kwa mkewe yatakuwa na mtu wa kuyashika.

Anaweza pia kukugeuka. Akasema umetumwa, akasema unamtaka mke wake, wanaume wakibanwa husema vitu. Utajiandaa kwa hilo? Urafiki wa godoro moja ukikatika unauma kuliko wa baa. Kama ana baba mdogo au mzee mmoja anayemheshimu, huyo anaweza kusaidia kabla mambo hayajafika Muheza, kwa sababu Muheza wakiitwa kikao kitakuwa cha ndoa, hakitakuwa tena cha mtoto wala cha damu. Na kama utampa muda, umpe wenye mwisho, mkubaliane tarehe ya kliniki kwa mfano, siyo "ukiwa tayari". Baada ya hapo utafanya nini asipotimiza? Hilo sikuamulii. Ila usimtishie kitu ambacho moyoni unajua hutakifanya.

Kwa shemeji, kwa sasa, kuna kitu kidogo kiko mikononi mwako tu, kuacha kumjibia K. Ukimwandikia, "shemeji, swali lako ni la haki, muulize mwenzio, na mimi nimemwambia akujibu," hujamwaga siri na hujasema uongo wa pili. Sikufichi, sentensi hiyo nayo ni jibu, usiku huo huo nyumbani kwao hapatalalika. Kwa hiyo K aijue kabla haijatoka. Na umfikirie kwa hali yake, mimba ya miezi mitano, nani atakuwa karibu naye hiyo siku? Mama yake? Mkeo? Hapo ndo nadhani utafika mahali mkeo itabidi ajue, japo najua unaogopa kikoba.

Baba mkwe wa Muheza alisema likitokea la kutokea atakuita wewe. Hajakuita bado. Ulimjibu mjomba kwa ulichokijua siku ile, uongo haukuwa wako. Kuanzia Jumamosi unajua zaidi, na sielewi mzee yule angependa uje mwenyewe au angependa kwanza uone kama vijana wanaweza kuinua mzigo wao. Wewe ulimwona usoni, mimi sikumwona.

Niandikie ukishaongea na K, hata ikiwa vibaya. Na kitu kimoja kimenisumbua tangu asubuhi. Umeniambia ya K, ya shemeji, ya wazee, ya hela, mpaka ya nesi. Huyo mtoto aliyeulizia Yanga hujaniambia anaendeleaje. Aliongezwa ile damu? Amerudi nyumbani?

Shangazi